Wepesi wa Jokii Unalipwa na Nani?

Kabla ya mbio za farasi, jokii huingia chumba cha mizani akiwa amekumbatia tandiko lake, akapanda juu ya mizani mbele ya karani ambaye kazi yake ni moja: kuhakikisha kilo zinazosomeka ni zile zilizoandikwa kwenye ratiba. Hapimwi mtu peke yake. Hupimwa pamoja na suruali yake nyembamba, buti, tandiko, na kile kitambaa chenye mifuko ambamo hutiwa vipande vya risasi iwapo mpandaji ni mwepesi kuliko inavyotakiwa. Kofia ngumu kwa Waingereza haihesabiwi. Mbio zikiisha, anayemaliza katika nafasi za juu hurudi palepale, jasho likimtiririka na matope usoni, apimwe tena. Akikutwa amepungua kupita kiasi kinachoruhusiwa, farasi wake hunyang'anywa ushindi.

Kwa ajili ya mizani hiyo kuna majokii waliobuni buti za ujanja: ngozi nyembamba mno, zinavaliwa mbele ya karani na kubadilishwa mara tu anapogeuza macho. Zimepigwa marufuku na wapo walioadhibiwa kwa kukutwa nazo. Mtu mzima anayehatarisha leseni yake kwa gramu mia mbili tatu za ngozi ya viatu, bila shaka amekwisha kupunguza kila kingine kilichoweza kupungua.

Uzito huo ulioandikwa kwenye ratiba una mantiki yake. Mpangaji wa mbio akiona farasi mmoja ni hodari kuliko wenzake, humtwika zaidi ili wote wawe na matumaini ya kushinda. Kwa hesabu ya Waingereza, katika mbio fupi za mita 1,000, ratili 3 ni sawa na urefu wa farasi mmoja kwenye mstari wa mwisho (ratili moja ni karibu gramu 450). Katika mbio ndefu za zaidi ya kilomita 3, ratili moja tu yatosha kuleta tofauti hiyo. Katikati ya karne ya 19, Admirali Henry Rous alitunga jedwali la uzito kwa kufuata umri wa farasi, na hadi leo wapangaji wanatumia majedwali ya ukoo huo. Lakini jedwali lolote la uzito lina ncha mbili. Juu yupo farasi bora anayebeba mzigo mzito. Chini yupo farasi dhaifu anayepaswa kubeba mzigo mwepesi, na mtu wa kumpanda huyo wa chini hana budi kupatikana.

Karne ya 19 ilimpata kwa urahisi, kwa sababu ilichukua watoto. Mwaka 1844 farasi aitwaye Red Deer alishinda Chester Cup akiwa amebeba kilo 25 tu, na aliyekuwa mgongoni ni mvulana mdogo wa mazizini. Fred Archer naye alipelekwa Newmarket kujifunza kazi akiwa na miaka 11. Tatizo la Archer ni kwamba alikua. Alifika urefu wa sentimita 178, kimo cha mtu wa kawaida kabisa leo na kimo cha balaa kwa jokii. Hata hivyo alikuwa bingwa wa Uingereza miaka 13 mfululizo, akashinda mbio 2,748.

Namna alivyoyafikia hayo inasikitisha. Alijenga chumba cha mvuke nyumbani kwake. Daktari mmoja alimtengenezea haluli kali iliyokuja kujulikana kwa jina lake Archer. Chakula chake, kama kilivyosimuliwa na wengi, kilikuwa kijiko cha mafuta ya nyonyo na nusu chungwa, na mchana dagaa mmoja wa kopo na kikombe kidogo cha shampeni. Oktoba 1886 alitakiwa kumpanda St Mirin katika mbio za Cambridgeshire. Alijinyima chakula siku tatu, akanywa ile dawa, na bado akawa na ratili moja ya ziada: kilo 54 badala ya 53 na nusu. St Mirin alishindwa kwa kichwa kimoja. Wiki mbili baadaye, Novemba 8, akiwa kitandani na homa ya matumbo, Archer alijiua kwa bastola. Alikuwa na miaka 29. Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma baada ya kujifungua, kwa hiyo si haki kuibebesha mizani lawama yote. Lakini homa ilimkuta mtu aliyekwisha kukauka.

Baada yake walikuja warefu wengine. Lester Piggott, aliyeshinda Derby ya Epsom mara 9, aliishi miaka mingi kwa kahawa na sigara kubwa, akiwa kilo nyingi chini ya uzito ambao mwili wake ungependa kuwa nao. A. P. McCoy, mwenye kimo kilekile cha Archer, alikuwa bingwa wa mbio za viunzi misimu 20 mfululizo hadi alipostaafu mwaka 2015, na maji ya moto ya kuogea, moto wa kuunguza, yalikuwa sehemu ya ratiba yake kama mswaki. Waandishi wa michezo hupenda kuwasifu watu hawa kwa nidhamu. Mimi naona sifa hiyo inaficha swali: ni nani aliyeamua kwamba mtu wa sentimita 178 awe na uzito mdogo hivyo?

Watu wetu wanaofuatilia ngumi watasema bondia naye hupunguza kilo. Kweli, lakini bondia wa kulipwa hupimwa siku moja kabla ya pambano, akapata saa 24 au zaidi za kunywa maji na kula wali wake, na hupigana mara chache kwa mwaka. Jokii hupimwa dakika chache kabla ya kupanda, mara tano au sita kwa siku, wiki baada ya wiki. Mbio za tambarare za Uingereza hazina tena msimu wa mapumziko wa maana. Pia analipwa kwa kila farasi anayempanda. Akipigiwa simu asubuhi na kuambiwa kuna farasi wa kilo 52 saa tisa alasiri, akisema hawezi, simu inayofuata inapigwa kwa mwingine. Hapo hana siku mbili za kupunguza mafuta ya mwili. Kitu pekee kinachoweza kutoka mwilini kwa saa nne ni maji, kwa kuwa lita moja ya jasho ni kilo moja.

Njia za kuyatoa maji hayo ni za zamani na hazijabadilika sana. Mtu huvaa nguo za plastiki chini ya sweta na kukimbia kwenye jua. Huendesha gari kwenda uwanjani akiwa amewasha hita hadi mwisho, madirisha yamefungwa. Hutafuna ubani ili mate yaje, akayatema. Humeza dawa za kukojoza, ambazo sasa hupimwa kwenye mkojo na kuadhibiwa. Karne iliyopita kule Tijuana, Mexico, kwenye uwanja wa mbio palikuwa na mlima wa samadi ya farasi iliyokuwa ikichacha kwa joto. Majokii walijifukia humo ili watoke jasho. Wengine walisemekana kumeza mayai ya tegu, minyoo iwale kutoka ndani. George Woolf, mpandaji hodari wa zama zile na mgonjwa wa kisukari, alianguka kutoka mgongoni mwa farasi katika uwanja wa Santa Anita Januari 1946 na kufariki. Wengi wa waliomjua waliamini alizimia.

Na kuna kutapika. Kwa miaka mingi vyumba vya majokii Marekani vilikuwa na bakuli maalumu la kutapikia, kubwa kuliko choo cha kawaida, limewekwa na uwanja wenyewe. Hapo ndipo hoja ya nidhamu binafsi inapoporomoka. Mwajiri hajengi kifaa cha jambo asilolijua. Randy Romero wa Louisiana, aliyempanda farasi aitwaye Personal Ensign katika mbio zake nyingi za bila kushindwa, alitapika hivyo kwa miaka. Mwaka 1983, katika uwanja wa Oaklawn Park, aliingia kwenye kisanduku cha joto cha kutolea jasho akiwa amejipaka spiriti mwilini. Balbu ikaleta cheche, na zaidi ya nusu ya ngozi yake ikaungua. Alirudi kupanda mwaka uleule. Baada ya kustaafu figo zake zilikufa, ini nalo likaharibika, na mwenyewe alieleza hadharani kwamba anaamini kujitapisha kulichangia. Alifariki mwaka 2019.

Sasa tuutazame mwili wenyewe, maana hapa sayansi imesema mengi ambayo viwanja vimechelewa kuyasikia. Maji yakipungua, damu hupungua na kuwa nzito, moyo hulazimika kupiga haraka zaidi kwa kazi ileile, na ngozi hushindwa kupoza mwili. Misuli huhifadhi sukari yake pamoja na maji, karibu gramu 3 za maji kwa kila gramu ya sukari. Anayefunga kula ili kupungua hupoteza vyote viwili, akafika kwenye geti la kuanzia akiwa mwepesi na asiye na nguvu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores waliwapa majokii kazi ya kupunguza asilimia 2 ya uzito wao kwa jasho, kisha wakawapima kwenye farasi wa mashine. Nguvu za kifua na miguu zilishuka, na kasi ya kumsukuma farasi ikashuka pia. Asilimia 2 kwa mtu wa kilo 55 ni kilo moja tu na kidogo, kiasi ambacho majokii wengi hukitoa bila hata kukihesabu kuwa ni kujitesa.

Mifupa ndiyo habari mbaya zaidi. Watafiti wa Dublin walipowapima majokii wa Ireland walikuta zaidi ya nusu ya wa mbio za tambarare wana mifupa yenye uzito pungufu kuliko inavyopaswa kwa vijana wa umri wao. Kwa wa viunzi walikuwa kama wawili katika kila watano. Mwili usiopata chakula cha kutosha huanza kuokoa matumizi: homoni hushuka, hedhi ya wanawake huvurugika au kukatika, na ujenzi wa mfupa huahirishwa. Fikiria sasa ni kazi gani anayoifanya mtu mwenye mifupa hiyo. Katika mbio za Uingereza gari la wagonjwa huwafuata farasi kwa nyuma mzunguko mzima, kwa sababu kuanguka kunategemewa.

Kuna jambo moja ambalo kwangu linabadilisha mjadala wote. Mwishoni mwa karne ya 19, Mmarekani Tod Sloan alikuja Uingereza akipanda kwa mtindo uliochekwa: hatamu fupi, vikuku vya miguu juu kabisa, magoti yamekunjwa, makalio hewani. Miaka michache baadaye kila mtu alikuwa akimwiga, na muda wa mbio ulishuka kwa asilimia kati ya 5 na 7. Mwaka 2009 watafiti wa London walieleza sababu katika jarida la Science: mpandaji aliyechuchumaa hivyo huacha farasi apande na kushuka chini yake, ilhali yeye mwenyewe karibu hayumbi. Farasi hubeba uzito wa mtu, lakini halazimiki kuurusha mbele na nyuma kila hatua. Kazi hiyo ya kutuliza mwili inafanywa na mapaja na mgongo wa jokii, na mapigo ya moyo wake hukaribia kilele. Maana yake ni kwamba kilo moja ya msuli wenye nguvu humfaa farasi, na kilo moja iliyotolewa kwa kukausha msuli huohuo huenda inamgharimu. Mizani haiwezi kuona tofauti hiyo.

Watafiti wa Liverpool hawakuishia kuonya. George Wilson, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa jokii kabla ya kuwa mtafiti, na wenzake walionyesha kwamba siku ya jokii haichomi nishati nyingi kama wengi walivyodhani. Mbio yenyewe ni dakika chache. Kwa hiyo tabia ya kufunga mchana kutwa kisha kula sana usiku ndiyo inayoponza. Walimpa jokii kijana wa mbio za viunzi, aliyekuwa na kilo 70 hivi, milo midogo sita kwa siku yenye protini nyingi, maji bila kizuizi, na mazoezi asubuhi. Kwa wiki 9 alipungua karibu kilo 8 bila sauna, na hali yake ya moyo ikawa nzuri zaidi. Sikiliza vizuri: jokii aliyekula mara sita kwa siku alipungua zaidi kuliko alipokuwa akishinda na njaa.

Lakini tusijidanganye kwamba sahani nzuri itamaliza tatizo. Binadamu wameongezeka kimo na uzito. Katika shule ya wanagenzi wa Ireland, uzito wa wastani wa vijana wanaoingia ulipanda kwa zaidi ya theluthi kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na miaka ya 2000, wakati uzito wa chini wa mbio uliongezwa kwa asilimia chache tu. Mlo bora unaweza kumsaidia mtu wa kilo 56 akae 54. Hauwezi kumfanya mtu aliyeumbwa kwa kilo 62 akae 51 bila kumla.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Uingereza ilipandisha uzito wa chini wa mbio za tambarare hadi karibu kilo 51 mwaka 2013. Mwaka 2020 korona ilifunga sauna za viwanjani, na kwa muda majokii wakaongezewa ratili 3. Mbio ziliendelea. Mwaka 2021 wasimamizi wakaamua sauna hizo zisifunguliwe tena, na mwaka uliofuata viwango vyote vikapandishwa kwa ratili 2. Yaani jambo lililosemwa kwa miongo kadhaa kuwa haliwezekani liliwezeshwa na kirusi ndani ya miezi michache.

Wanaopinga wana hoja mbili, na moja ina uzito. Ya kwanza ni miguu ya farasi, hasa wa miaka miwili ambao mifupa yao haijakomaa. Kwa hao nakubali tahadhari. Kwa waliokomaa, historia inajibu: Carbine alishinda Melbourne Cup mwaka 1890 akiwa na kilo 66 mgongoni, na farasi wa viunzi hubeba zaidi ya kilo 70 wakiruka. Isitoshe, asubuhi mazoezini farasi haohao wa tambarare hupandwa na watu wazito kuliko majokii, na mwenye farasi halalamiki. Tena kilo zikiongezwa kwa wote, tofauti kati yao inabaki ileile.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi: ukipandisha kiwango, watakuja warefu zaidi na kujikausha vilevile. Ni kweli kwa sehemu, na dawa yake inajulikana kwa Wamarekani wa mchezo mwingine. Mwisho wa 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vikuu walifariki ndani ya wiki chache wakipunguza uzito. Wasimamizi wao wakapiga marufuku sauna na nguo za plastiki, wakaanza kupima kama mwili una maji ya kutosha, na kila mchezaji akapewa uzito wake wa chini kwa kutazama mafuta ya mwili, sio kwa kutazama matamanio ya kocha. Jokii anaweza kuwekewa kikomo hichohicho.

Majirani zetu wa Ghuba wanaonyesha mantiki ya wepesi inakofika ikiachwa bila breki. Katika mbio za ngamia, watoto kutoka Pakistan, Bangladesh, Sudan na Mauritania waliletwa kupanda kwa sababu walikuwa wepesi, na wengine walinyimwa chakula wabaki hivyo. Mwaka 2005 Falme za Kiarabu na Qatar ziliwapiga marufuku wapandaji watoto. Zaidi ya watoto 1,000 walirudishwa makwao kwa msaada wa UNICEF, na migongoni mwa ngamia vikawekwa viroboti vya kuendeshwa kwa rimoti kutoka garini. Mbio hazikufa. Ghuba iliacha kumtafuta mtu mwepesi zaidi, ikabadilisha sheria.

Kwetu, uwanja wa Ngong mjini Nairobi, ambako mbio zimekimbizwa tangu 1954, ni mdogo na majokii wake ni wachache. Udogo huo ni nafasi: Jockey Club of Kenya inaweza kumjua kila mpandaji kwa jina, kimo na uzito wake halisi, jambo ambalo nchi kubwa zinalifanya kwa taabu. Kipimo cha maji kwenye mkojo ni cha bei ndogo kuliko tandiko moja la mbio.

Ratili mbili za Uingereza ni hatua ya kweli, lakini ndogo. Kwa farasi waliokomaa, uzito wa chini wa mbio za tambarare unapaswa kufika kilo 55 na kupitiwa upya kila miaka kumi, na jokii apimwe maji ya mwili wake kabla ya kuruhusiwa kupanda mizani.